Kinyama cha jicho kilichorudi: mwongozo kamili wa kuandika faili na kuweka misimbo katika mfumo wa Marekani

Kinyama cha jicho, ambacho madaktari hukiita terijiamu, ni tishu yenye mishipa ya damu inayoota kwenye konjaktiva, yaani utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho, mara nyingi upande wa pua, kisha ikatambaa juu ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Hukatwa. Baadhi huota tena, na marudio mengi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza baada ya upasuaji. Mgonjwa akirudi kliniki na kinyama kilekile, daktari huona jambo la kawaida, lakini faili lake linaanza kuulizwa maswali ambayo la mara ya kwanza halikuulizwa: nani alikata, lini, kwa njia gani, na kwa nini bima ilipe tena?

Mwongozo huu ni wa wanaoshughulikia madai ya kliniki za Marekani, wawe huko au wafanye kazi kwa mbali: waweka misimbo, makarani wa bima, na wauguzi wanaoandaa kumbukumbu kabla daktari hajaweka sahihi. Kuupata msimbo wa terijiamu iliyorudi ni kazi ya dakika moja. Kuutetea miezi sita baadaye mbele ya mkaguzi ndiko kunakohitaji faili lililoandikwa vizuri, na faili hilo haliwezi kutengenezwa baada ya dai kukataliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha daktari ameandika ugonjwa gani

Vitu kadhaa huota juu ya jicho na kufanana machoni pa asiye daktari. Pinguekula ni uvimbe mdogo wa manjano kwenye konjaktiva usiovuka kuingia konea. Una kundi lake, H11.15- (kistari kinaonyesha kwamba tarakimu ya mwisho bado haijawekwa). Terijiamu bandia hutokana na kuungua kwa kemikali, jeraha au kidonda cha konea, na mara nyingi kijiti chembamba cha uchunguzi hupita chini yake pale kwenye limbasi, yaani mpaka wa konea na sehemu nyeupe. Hii huwekwa H11.81-. Orodha ya ICD-10-CM, yaani misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, ina zuio kati ya H11.0- na H11.81-, kwa hiyo usizitumie zote mbili kwa jicho moja. Kisha kuna kovu la konjaktiva (H11.24-) na uvimbe wa granuloma (H11.22-). Hivi viwili hutokea sana mahali palipokatwa, na mgonjwa akiviona husema kinyama kimerudi.

Mgonjwa ana haki ya kusema hivyo. Wewe huna haki ya kuliwekea msimbo neno lake. Kwa kanuni rasmi za ICD-10-CM, msimbo hufuata kauli ya mtoa huduma kuhusu ugonjwa. Daktari akiandika kwamba ni terijiamu iliyorudi, jicho la kulia, kauli hiyo inatosha kukupa msimbo. Akiandika "terijiamu" tu, hata kama kwenye historia kuna mstari usemao mgonjwa alifanyiwa upasuaji miaka mitatu iliyopita, usijumlishe mwenyewe. Uliza.

Swali la ufafanuzi lisimwelekeze daktari kwenye jibu. Mfano unaofaa: "Historia inaonyesha jicho la kushoto lilikatwa terijiamu mwaka 2021. Uchunguzi wa leo unataja terijiamu upande wa pua wa jicho hilohilo. Tafadhali fafanua aina ya hali iliyopo leo: iliyorudi, mpya mahali pengine, terijiamu bandia, kovu, nyingine, au haiwezi kubainishwa." Mfano usiofaa: "Tafadhali ongeza neno kurudi ili bima ilipe." Ujumbe wa namna hii ukikutwa kwenye faili wakati wa ukaguzi, utaharibu zaidi ya dai moja.

Hatua ya 2: Andika historia ya upasuaji uliopita kwa ukamilifu

Hapa ndipo faili nyingi zinapokonda, na ningependa ukae hapa kuliko mahali pengine popote.

Historia nzuri inataja mwezi na mwaka wa upasuaji, jicho, upande wa jicho (wa pua au wa sikio), njia iliyotumika, kilichopandikizwa kama kilikuwapo, dawa zilizopakwa wakati wa upasuaji, na lini mgonjwa alianza kuona nyama inaota tena. Njia iliyotumika ni muhimu kwa sababu ya kitabibu. Kukata na kuacha sklera (sehemu nyeupe ya jicho) wazi kuna marudio mengi kuliko kukata na kufunika kwa pandikizo la konjaktiva ya mgonjwa mwenyewe. Daktari anayepanga kupandikiza safari hii kwa sababu mara ya kwanza hakukupandikizwa ana sababu inayoeleweka, na sababu hiyo ikiwa imeandikwa, mkaguzi hana la kuuliza.

Kama upasuaji ulifanywa kwingine, omba ripoti yake. Isipopatikana, andika kwamba iliombwa na haikupatikana, kisha andika dalili ambazo daktari ameziona mwenyewe: kovu mahali pa kukatia, alama za konjaktiva iliyochukuliwa juu ya jicho, konea iliyokuwa nyembamba au yenye weupe pale kinyama kilipong'olewa. Dalili hizo ni ushahidi, hata kama si wa karatasi.

Tahadhari moja kwa faili za zamani. Marekani ilihamia ICD-10-CM tarehe 1 Oktoba 2015. Kabla ya hapo terijiamu iliyorudi ilikuwa 372.45 katika ICD-9-CM, na msimbo huo haukusema jicho la upande gani. Ukikuta 372.45 kwenye orodha ya magonjwa ya mwaka 2012, usiichukulie kuwa inathibitisha jicho linaloota leo. Rudi kwenye maelezo ya daktari wa wakati ule.

Kuna pia jambo la kibinadamu ambalo vitabu haviligusi. Daktari aliyekata mara ya kwanza mara nyingine huona uzito kuandika kwamba kazi yake imerudi, basi huandika "mabaki" au "wekundu mahali pa upasuaji". Mabaki na marudio si kitu kimoja. Mabaki ni kile kisichoondolewa. Marudio ni tishu yenye mishipa iliyoota upya baada ya kuondolewa. Muulize kwa heshima ni kipi, naye ataandika.

Hatua ya 3: Vipimo vya siku ya uchunguzi

Daktari anapotumia darubini ya kuchunguzia jicho, maneno "kinyama kikubwa" hayamsaidii mtu. Kinachosaidia ni milimita: kimeingia kiasi gani ndani ya konea kutoka limbasi, upana wake kwenye limbasi, na umbali kati ya kichwa chake na ukingo wa mboni au mhimili wa kuona. Ongeza unene wake, wekundu, kama mishipa ya sklera inaonekana kupitia ndani yake, na kama jicho linashindwa kugeukia nje kwa sababu ya kuvutwa na kovu.

Kwa marudio, wapasuaji wengi hutumia ngazi nne. Ya kwanza, mahali pa upasuaji panaonekana kawaida. Ya pili, mishipa membamba imefika limbasi bila nyama. Ya tatu, nyama yenye mishipa imefika limbasi bila kuingia konea. Ya nne, imevuka na kuingia konea. Ngazi ya nne ndiyo marudio yasiyobishaniwa. Ya tatu huleta mabishano, kwa hiyo daktari akiamua kuiita marudio, aandike alichokiona kwa maneno yake, asitegemee namba ya ngazi peke yake.

Vipimo vya kuona visisahaulike: uwezo wa kuona bila miwani na kwa miwani bora, kipimo cha miwani, na astigmatizimu (konea kupinda isivyo sawa). Terijiamu huvuta konea na kuipindisha, kwa hiyo kulinganisha kipimo cha leo na cha mwaka jana kunaonyesha madhara kwa namba. Picha ya nje ya jicho (92285) na ramani ya konea (92025) ni misimbo miwili inayoweza kutumika hapa, lakini yote inadai tafsiri na ripoti. Picha iliyohifadhiwa kwenye kompyuta bila mstari mmoja wa daktari kuitafsiri haina cha kulipiwa. Sera za kulipia ramani ya konea hutofautiana kati ya bima na bima, kwa hiyo angalia kabla.

Hatua ya 4: Chagua msimbo wa ugonjwa

Familia ya terijiamu ndani ya ICD-10-CM ni hii: H11.00- isiyobainishwa, H11.01- ya amiloidi, H11.02- iliyofika katikati ya konea, H11.03- ya pande mbili za jicho moja, H11.04- ya pembeni iliyotulia, H11.05- ya pembeni inayoendelea kukua, na H11.06- iliyorudi.

Tarakimu ya sita ndiyo inayotaja jicho:

H11.061 jicho la kulia
H11.062 jicho la kushoto
H11.063 macho yote mawili
H11.069 jicho halikutajwa

H11.06 bila tarakimu ya sita ni batili na dai litarudishwa. Herufi ya saba haihitajiki hapa, kwa hiyo usiongeze X wala A. H11.069 ichukulie kuwa ishara ya faili lenye kasoro: daktari aliyemchunguza mgonjwa anajua ni jicho gani, basi liandikwe.

Watu hujikwaa kwenye macho mawili. Chukua mgonjwa ambaye jicho la kulia lilikatwa na kinyama kimerudi, na la kushoto lina terijiamu ya pembeni inayokua ambayo haijawahi kuguswa. Huyo hapewi H11.063. Anapewa H11.061 na H11.052, kila jicho na hadithi yake. H11.063 ni kwa yule ambaye macho yote mawili yalikatwa na yote mawili yamerudi. Na hata huyo, siku anapopasuliwa jicho la kwanza, msimbo wa macho yote mawili ndio sahihi, maana ugonjwa bado uko pande zote. Anapokuja kupasuliwa la pili, na la kwanza limeshapona, unatumia msimbo wa upande mmoja uliobaki. Kanuni rasmi zinasema hivyo waziwazi, ingawa programu nyingi za madai hazikukumbushi.

Kilichorudi kikiwa pia kimefika katikati ya konea, nianze na kipi? Mimi huanza na H11.06-, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mgonjwa huyu yuko hapa tena, halafu madhara kwenye uwezo wa kuona huyaeleza kwa misimbo yake: astigmatizimu isiyo na mpangilio H52.21-, kuona vitu viwiliviwili H53.2, na kadhalika, ilimradi daktari ameyataja na kuyaunganisha na kinyama.

Kwa wasomaji wanaofanya kazi pia na toleo la Shirika la Afya Duniani: ICD-10 yao ina H11.0 pekee kwa terijiamu. Haina nafasi ya kusema imerudi wala ni jicho gani. Taarifa hizo hubebwa na maandishi, kwa hiyo usijaribu kuingiza tarakimu za Marekani kwenye mfumo usiozitambua.

Hatua ya 5: Sababu ya kukata

Bima hailipi kwa sababu kinyama kipo. Hulipa kwa sababu kinadhuru. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa ya wazee, kwa sheria haigharimii upasuaji wa urembo, na kinyama chekundu kisichosumbua uoni kinaweza kuangukia huko kikiandikwa kizembe.

Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni kuingilia mhimili wa kuona au kuukaribia kwa ushahidi wa kukua, astigmatizimu iliyosababishwa na kinyama, jicho kushindwa kugeuka vizuri, na mwasho au uvimbe wa muda mrefu usiotulia kwa matone. Hii ya mwisho ndiyo dhaifu zaidi isipofafanuliwa. Andika matone gani, kwa muda gani, na yalileta nini. "Matibabu ya kawaida yameshindwa" ni sentensi ambayo wakaguzi wameisoma hadi wamechoka nayo.

Ongeza athari kwa maisha ya mgonjwa kwa maneno yake: anashindwa kuendesha gari usiku kwa mng'ao, anashindwa kuvaa lenzi, anasoma kwa shida. Mstari mmoja wa kweli wa mgonjwa huyu unazidi aya nzima iliyonakiliwa kutoka faili la mwingine.

Ikiwa mgonjwa anataka kukatwa kwa ajili ya mwonekano tu, sema hivyo. Msimbo Z41.1 upo kwa upasuaji wa urembo, na modifaya (alama ya ziada inayofafanua msimbo wa huduma) GY huonyesha kwamba huduma haimo kabisa kwenye mafao ya Medicare. Ikiwa huduma kwa kawaida hulipwa lakini unatarajia safari hii itakataliwa kwa kukosa ulazima wa kitabibu, mgonjwa wa Medicare asaini fomu CMS-R-131, inayomwonya mapema kwamba huenda Medicare isilipe, kabla ya upasuaji, na dai liende na modifaya GA. Saini iliyochukuliwa baada ya upasuaji haimfungi mgonjwa.

Hatua ya 6: Ripoti ya upasuaji

Mweka misimbo husoma ripoti ya upasuaji mwili wake wote, si kichwa cha habari tu. Kichwa kinaweza kusema "kukata terijiamu na kupandikiza" huku maelezo yakionyesha konjaktiva ya jirani ilivutwa na kushonwa. Kuvuta konjaktiva ya pembeni na kuifunga si sawa na kuchukua pandikizo mahali pengine, na msimbo hubadilika.

Ripoti inayojitosheleza hutaja jicho na upande, kovu lililokutwa na jinsi lilivyotenganishwa na msuli, tishu ya Tenon (utando ulio chini ya konjaktiva) iliyoondolewa, hali ya konea baada ya kung'oa, dawa kama mitomaisini, nguvu yake, dakika ilizokaa na kusafishwa kwake, chanzo cha pandikizo, mahali lilipochukuliwa na vipimo vyake kwa milimita, lilivyoelekezwa, na kama lilishikizwa kwa nyuzi au gundi ya fibrini. Itaje pia sampuli iliyopelekwa patholojia.

Dhaifu: "Jicho la kulia lilisafishwa. Kinyama kilichorudi kilikatwa. Pandikizo liliwekwa. Mgonjwa alivumilia vizuri."

Imara: "Jicho la kulia, upande wa pua. Terijiamu iliyorudi baada ya upasuaji wa mwaka 2021, imeingia konea milimita 3.5. Kovu zito lilishikamana na msuli wa ndani. Msuli ulitambuliwa kwa ndoano na kulindwa, kovu likatenganishwa nao. Tishu ya Tenon iliondolewa. Pandikizo la konjaktiva la milimita 8 kwa 7 lilichukuliwa sehemu ya juu upande wa sikio, likawekwa juu ya sklera upande wa limbasi ukielekea limbasi, likashikizwa kwa gundi ya fibrini. Tishu imepelekwa patholojia."

Tofauti ya kuandika hizi mbili ni dakika chache. Lakini ya pili inakupa msimbo, upande, ugumu wa kazi na ulinzi wa kisheria kwa pamoja.

Violezo vya kompyuta vina hatari yake. Ripoti ya jicho la kushoto ya mwezi jana ikinakiliwa kuwa ya jicho la kulia leo, neno "kushoto" moja hubaki mahali fulani katikati ya aya. Lisake kabla ya kutuma.

Hatua ya 7: Msimbo wa upasuaji

Katika CPT, orodha ya misimbo ya huduma inayomilikiwa na American Medical Association, terijiamu ina misimbo miwili: 65420 kukata au kuhamisha bila pandikizo, na 65426 kukata kwa pandikizo. Hakuna msimbo wa tatu wa terijiamu iliyorudi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana kukata mara ya pili ni kazi ngumu zaidi, lakini tofauti hiyo hubebwa na msimbo wa ugonjwa na, pale inapostahili, na modifaya.

Kuchukua pandikizo la konjaktiva ni sehemu ya 65426. Gundi haitozwi kando. Utando wa amnioni ukiwekwa palepale kinyama kilipotoka, huo ndio pandikizo lenyewe. Usiongeze misimbo ya kuweka utando huo, 65778, 65779 au 65780, juu yake. Msimbo 65782, wa pandikizo la konjaktiva pamoja na limbasi, ni wa kujenga upya uso wa jicho, na haugeuki kuwa wako kwa sababu daktari alichukua ukingo mdogo wa limbasi pamoja na pandikizo. Jedwali la NCCI (National Correct Coding Initiative) la Medicare, ambalo husahihishwa kila robo mwaka, lina misimbo isiyoruhusiwa pamoja. Lipitie kabla ya kutuma msimbo wowote wa pili kwa jicho moja.

Modifaya RT au LT haina mjadala. Iweke, na ihakikishe inalingana na tarakimu ya sita ya msimbo wa ugonjwa. H11.062 ikikutana na RT, dai hurudi.

Modifaya 22, ya kazi iliyozidi kwa kiasi kikubwa ile ya kawaida, ndiyo kishawishi kikubwa kwa terijiamu iliyorudi. Maoni yangu: marudio peke yake hayatoshi. Kovu lililoshikamana na msuli, konjaktiva isiyotosha kwa sababu ya upasuaji wa nyuma, au saa za upasuaji zilizoongezeka sana vinaweza kutosha, lakini ni daktari wa kuvieleza ndani ya ripoti: nini kilikuwa tofauti, kiliongeza muda kiasi gani, kwa nini. Madai yenye 22 husomwa na binadamu. Ukiipachika kila mara, siku moja utaulizwa kuhusu yote kwa pamoja.

Kama uamuzi wa kukata ulifanyika kwenye uchunguzi wa siku hiyohiyo au siku iliyotangulia upasuaji, uchunguzi huo huwekwa modifaya 57. Ikiwa uamuzi ulifanyika wiki mbili kabla, 57 haihitajiki.

Hatua ya 8: Siku 90

65420 na 65426 zote zina kipindi cha siku 90 ambamo malipo ya upasuaji yanajumuisha uangalizi. Kwa hesabu ya Medicare kipindi huanza siku moja kabla ya upasuaji, kikajumuisha siku ya upasuaji na siku 90 zinazofuata, jumla 92.

Kwa marudio hili lina uzito wa pekee, maana baadhi huanza kuota ndani ya miezi hiyohiyo mitatu. Mgonjwa akija wiki ya nane na daktari yuleyule akaona nyama inaota, ziara hiyo imeshalipiwa. Akimchoma sindano chini ya konjaktiva (68200) hapo kliniki ili kuizuia, kwa Medicare nayo imo ndani ya malipo ya awali. Baada ya kipindi kuisha, sindano hiyohiyo huweza kutozwa yenyewe.

Akirudishwa chumba cha upasuaji ndani ya siku 90 kwa tatizo lililotokana na upasuaji wa kwanza, bila kupangwa, tumia modifaya 78. Hulipa sehemu ya upasuaji tu, na hailetei kipindi kipya cha siku 90. Kama upasuaji wa pili ulipangwa tangu mwanzo kuwa wa awamu, na mpango huo umeandikwa kabla ya upasuaji wa kwanza, tumia modifaya 58, nayo huanzisha kipindi kipya. Jicho la pili ndani ya kipindi cha la kwanza ni 79. Ziara ndani ya kipindi kwa ugonjwa mwingine kabisa ni 24, na msimbo wa ugonjwa uonyeshe kweli ni mwingine.

Daktari mwingine asiye wa kundi moja akimpasua, kipindi cha yule wa kwanza hakimfungi. Kliniki moja ikikata na nyingine ikiangalia baada ya hapo kwa makubaliano, modifaya 54 na 55 hugawa malipo, na tarehe ya kukabidhiana iwe kwenye faili zote mbili.

Hatua ya 9: Subiri patholojia

Kinyama kinachorudi haraka, chenye weupe juu yake, kilicho kama jeli au chenye mishipa minene inayokilisha, daktari hukishuku kuwa saratani ya uso wa jicho. Katika huduma za nje ya wodi, shaka haiwekewi msimbo. Usiweke D09.2- wala C69.0- kwa sababu ripoti inasema "huenda ni saratani". Weka kilichothibitishwa siku hiyo.

Lakini kama majibu ya patholojia yamefika kabla dai halijatumwa na daktari ameyathibitisha, ugonjwa uliothibitishwa baada ya upasuaji ndio unaowekwa, hata kama ni tofauti na uliopangiwa upasuaji. Hapo H11.061 inaweza kuondoka kabisa. Kliniki nyingine hushikilia madai ya marudio yote hadi patholojia irudi. Napenda utaratibu huo. Siku chache za kusubiri ni nafuu kuliko kusahihisha dai la saratani lililokosewa. Uchunguzi wenyewe wa tishu ya terijiamu, 88304, hutozwa na mwanapatholojia, si mpasuaji.

Hatua ya 10: Fomu, na dai likikataliwa

Kwenye CMS-1500, fomu ya dai la daktari, kisanduku 21 hupokea hadi magonjwa 12 kwa herufi A mpaka L, na kiashiria cha toleo kiwe 0 kwa ICD-10. Kisanduku 24E huunganisha upasuaji na ugonjwa wake. Upasuaji wa jicho la kulia uelekezwe kwenye H11.061, si kwenye H11.052 ya jicho lingine iliyotangulia kwenye orodha. Mahali pa huduma ni 11 kwa ofisi, 22 kwa hospitali nje ya wodi, 24 kwa kituo cha upasuaji wa kutwa. Medicare inakubali dai ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya huduma.

Dai likirudi, soma sababu kabla ya kukata rufaa. Kosa la uandishi, kama jicho kutolingana na modifaya, hurekebishwa kwa ombi la kufungua upya, bila rufaa. Kukataliwa kwa ulazima wa kitabibu ndiko kunakohitaji rufaa, na kwa Medicare ngazi ya kwanza ina siku 120 tangu kupokea uamuzi. Ambatisha ripoti ya upasuaji wa kwanza kama ipo, vipimo vya milimita vya tarehe mbili tofauti, picha zenye tafsiri, na ripoti ya upasuaji wa sasa. Daktari akikumbuka jambo ambalo hakuliandika, aliongeze kama nyongeza yenye tarehe na saa ya leo na jina lake. Maandishi ya awali yasiguswe, kwa sababu mfumo wa kompyuta huhifadhi kila badiliko, na mkaguzi anajua pa kuliangalia.